Meli za Vita Zilizozama na Fedha za Wanachama

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya Shinyanga na Geita)



Wajumbe waliotoka Kishapu na Kahama huenda wakastaajabu kusikia kwamba mazungumzo ya leo, katika mkutano uliojaa wakulima wa pamba na dengu, yanahusu meli zilizozama. Mkulima wa Kishapu hulalamikia mvua isiyofika. Habari za manowari zilizolala majini tangu Vita Kuu ya Kwanza zamhusu nini? Wajumbe wa Geita, hasa wale wa vyama vya wavuvi walioko ufukoni na visiwani, hawatastaajabu. Wamekwisha kuyasikia mambo haya, na wengine wamekwisha kuyalipia.

Kuna chama kimoja cha wavuvi katika kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria, ambacho hakuna haja ya kukitaja jina kwa kuwa wanachama wake wameaibika vya kutosha. Chama hicho kiliweka akiba kwa misimu mitatu ili kinunue injini mbili za mitumbwi. Akaja mgeni mmoja, mtu wa maneno laini na viatu safi, akiwa na karatasi kuukuu yenye mistari na namba, pamoja na sarafu moja ya rupia ya Kijerumani. Akaeleza kwamba mwaka 1916, Wajerumani walipoukimbia mji wa Mwanza, mashua yao moja ilizama karibu na kisiwa hicho ikiwa na masanduku ya dhahabu, na kwamba yeye alirithishwa siri hiyo na babu yake aliyekuwa askari. Hakujiombea fedha. Aliomba chama kigharimie kompresa, mipira ya kupumulia, mafuta na posho za wazamiaji wawili, naye angechukua sehemu moja tu kati ya tano ya kitakachopatikana. Kamati ikakubali kwa usiku mmoja, bila mkutano mkuu. Baada ya wiki sita kilichopatikana kilikuwa nanga moja na vipande vya mabati vya chombo ambacho wazee wa kisiwa walikikumbuka kwa jina lake na la mwenyewe. Mgeni akaaga kwamba anakwenda mjini kufuata kifaa cha kupimia dhahabu. Hajarudi.

Vitabu vilipokaguliwa, gharama zote hizo zilikutwa zimeandikwa chini ya fungu la "Matengenezo ya Zana".

Ni rahisi kuwacheka wajumbe wa kamati ile, lakini si haki. Mtu wa Geita hawezi kuambiwa kwamba dhahabu iliyofichika ni hadithi. Amemwona jirani yake akihudumia duara kwa unga na maharage mwaka mzima, watu wakimdhihaki, kisha siku moja mawe yakapelekwa kwenye karasha na jirani akajenga nyumba ya bati na kununua pikipiki tatu. Katika nchi ya namna hiyo, anayekataa kuchangia ndiye anayeonekana mjinga. Tapeli analijua hilo, na ndiyo sababu haendi kwa watu wasioijua dhahabu. Kwa hiyo hapana budi wajumbe wazijue habari zenyewe za meli hizo, yaani zilizama wapi, zilikuwa na nini ndani yake, na nani alikwisha kuzifikia kabla yao.

Vita ile ilipita hapa hapa. Majeshi ya Waingereza yaliingia Mwanza tarehe 14 Julai 1916, kisha yakashuka kwa miguu kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, mji ambao Wabelgiji waliutwaa tarehe 19 Septemba mwaka huo. Vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walichukuliwa na pande zote mbili kuwa wapagazi. Na miongoni mwa silaha ambazo Wajerumani walizifikisha Mwanza ulikuwamo mzinga mmoja uliotoka katika manowari ya baharini. Reli ya Mwanza haikuwapo bado, kwani ilifika mwaka 1928. Chuma kile kilipita nchi kavu, katika njia ambazo leo hupita malori ya pamba. Basi wajumbe wa Shinyanga nao wana sehemu yao katika habari hii.

Manowari yenyewe iliitwa Königsberg. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga katika bandari ya Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mizinga hadi ikazama. Mabaharia 38 walikufa. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Zanzibar, na makaburi yao yangali yakitunzwa. Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, Waingereza wakaiziba milango ya mto, wakakitwaa kisiwa cha Mafia mwezi Januari 1915 na kukifanya kituo cha ndege zao za kuitafuta. Mwezi Julai mwaka huo manowari mbili ndogo zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuishambulia mara mbili. Tarehe 11 Julai nahodha wake, Max Looff, aliona haina wokovu tena, akaamuru ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui.

Hapa ndipo wajumbe wanapoombwa kusikiliza kwa makini, maana hoja yote imo humu. Wajerumani walipoiacha Königsberg hawakuacha mali ndani yake. Waliing'oa mizinga yote 10, wakaikokota hadi Dar es Salaam kwa nguvu za watu, wakaifanyia magurudumu na kuigawa nchi nzima. Mmoja ukafika Kigoma, mmoja Mwanza, mingine kwingineko. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia nchi kavu. Leo, katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg imesimama jirani, kana kwamba haikupata kugombana. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya vita: kilicho na thamani huondolewa na wenyewe siku ile ile, au wiki ile ile. Kwa kawaida manowari haichukui dhahabu. Huchukua makaa ya mawe, mizinga, baruti na watu.

Na dhahabu ya Mjerumani, je, ilikuwapo? Ilikuwapo, na wajumbe wana haki ya kuelezwa ilikokwenda. Ilichimbwa Sekenke, huko Iramba. Mwaka 1916, njia za bahari zikiwa zimefungwa na fedha zikiwa zimeadimika, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu mjini Tabora, kila moja ya thamani ya rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima. Zilikuwa kama 16,000 hivi. Zilifuliwa ili zitumike, nazo zikatumika na kutawanyika. Leo zimo katika makabati ya matajiri wa Ulaya na Marekani wakusanyao sarafu. Mjini Tabora zilifuliwa pia heleri za shaba, zilizotokana na maganda ya risasi na chakavu nyingine, na hizo ndizo ambazo mkulima huziibua kwa jembe mara kwa mara. Serikali iliyofikia hatua ya kuyeyusha maganda ya risasi ili ipate senti haikuwa na masanduku ya dhahabu ya kuachia samaki. Rupia ya fedha aliyoionyesha mgeni wetu nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa ilikuwa fedha ya sokoni kama ilivyo shilingi leo.

Tuseme basi dhahabu haipo, lakini chuma kipo, na chuma chakavu kina bei. Jambo hili nalo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1924 haki ya kuiopoa Königsberg ilinunuliwa kwa pauni 200 za Kiingereza. Mnunuzi alikuwa John Ingle, nahodha yule yule aliyezamishiwa Pegasus miaka kumi kabla. Huenda alitaka tu kuwa na neno la mwisho. Alituma wazamiaji wachukue shaba na madini mengine yasiyo chuma, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Watu waliendelea kuichokonoa meli ile katika miaka ya 1930, na mwaka 1965 walikuwa wangali wanachokonoa. Mwaka 1966 gamba lake lilivunjika likadidimia katika tope la Rufiji. Pegasus nayo iliuzwa kuwa chakavu mwaka 1955, na kilichosalia ni fungu la vyuma vilivyoota matumbawe. Kwa hiyo mtu anayekuja mwaka huu kuuza hisa za meli hizo anauza mfupa uliokwisha kuguguniwa na wenye meno makali kuliko yake.

Hapana shaka mjumbe mmoja atasimama na kuuliza: mbona Liemba iliopolewa? Swali hilo ni zuri. Ile meli ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika makasha kama 5,000 kwa meli, kwa reli na kwa mabega ya watu, ikashushwa majini Kigoma mwezi Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji waliiinua baada ya vita ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwezi Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Imewahudumia watu wa Kigoma, Rukwa na nchi jirani kwa zaidi ya miaka tisini, na mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wengi kwao Kongo.

Lakini tazameni jinsi ilivyowezekana. Mafundi wa Kijerumani walioizamisha walikuwa wamepewa amri ya kuipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuilaza, kwa kuwa walitumaini kurudi. Ililala katika maji matamu, yasiyo na chumvi ya kula chuma, mahali panapojulikana, kwa miaka michache tu, na walioiinua walikuwa serikali zenye makarakana na wahandisi. Ni vivyo hivyo kwa Sybil, meli ya Ziwa Viktoria iliyokwama Majita mwezi Novemba 1914: Waingereza waliinasua mwezi Mei 1915, ikiwa na miezi sita tu. Meli iliyozama inaweza kuokolewa kama ng'ombe aliyekwama tope anavyookolewa, ikiwa watafika mapema wenye kamba na nguvu. Mfupa uliokaa miaka mia moja na zaidi hauamki.

Liko pia jambo la hatari, nalo limekwisha kutokea si mbali na hapa. Mwezi Novemba 2017, katika wilaya ya Ngara, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga alikwenda shuleni na kitu alichokiokota, akidhani ni chuma cha kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Lililipuka, likaua watoto kadhaa na kujeruhi makumi. Lile lilikuwa bomu dogo tu. Risasi ya mzinga wa manowari ina baruti nyingi zaidi, na kutu haiifanyi kuwa pole. Aghalabu huifanya isiaminike kabisa. Anayemtuma kijana wa miaka kumi na tisa kuzama na mpira mdomoni akavunje vyuma vya vita kwa nyundo, awe tayari kumwambia mama yake kijana huyo kwamba chama kiliidhinisha.

Na lipo jambo la heshima kwa wafu. Wakazi wa kanda hii hawahitaji kufundishwa maana ya chombo kilichozama na watu wake. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikawachukua mamia ya abiria, na wengi wamezikwa pamoja Igoma. Je, yuko mtu wa Geita au Shinyanga ambaye angekubali kuona mzamiaji akiuza vipande vya meli ile kwa kilo? Wale mabaharia 38 wa Pegasus walikuwa wageni waliokufa katika ugomvi usiokuwa wetu, na hata hivyo walikuwa na mama zao.

Basi zifanyweje meli hizi? Jibu ambalo mataifa mengi yamelifikia ni kuziacha zilipo, kuziandika, na kuzilinda. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi wa utamaduni ulio chini ya maji, ulioanza kutumika mwaka 2009, unahusu vitu vilivyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi. Unashauri kwanza vibaki mahali pake, na unakataza visifanywe biashara. Pegasus ilitimiza miaka hiyo mwaka 2014 na Königsberg mwaka 2015. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka wake mbali zaidi, kwani vitu inavyovilinda moja kwa moja ni vile vya kabla ya mwaka 1863, ingawa Waziri ana uwezo wa kutangaza vingine. Maana yake ni kwamba masalio ya vita vya 1914 hadi 1918 yamebaki katika pengo, na tapeli hupenda sana kulala katika pengo la sheria. Jambo hili lafaa lisemwe kwa wabunge wanapofika vijijini kuomba kura, badala ya kuwauliza habari za barabara peke yake.

Kuziacha zilipo si kuzitelekeza. Visiwa vya Bahari ya Pasifiki vina mabaki mengi ya Vita Kuu ya Pili yaliyosheheni mafuta, na mwaka 2001 meli moja ya Kimarekani, Mississinewa, ilianza kuvuja katika wangwa wa Ulithi na kuharibu uvuvi. Ikabidi Wamarekani warudi kuyafyonza mafuta yao. Manowari zetu za 1914 zilitumia makaa, kwa hiyo hofu hiyo ni ndogo, lakini kanuni ni ile ile: mwenye meli ndiye wa kuitwa akashughulikie uchafu wake, wala mvuvi asiachiwe mzigo huo. Na penye uzembe wa kulinda huja wezi. Katika Bahari ya Java manowari tatu za Kiholanzi zilizozama mwaka 1942, makaburi ya mamia ya mabaharia, zilikwenda kutazamwa mwaka 2016 na wazamiaji wakakuta mbili hazipo kabisa, na ya tatu sehemu yake kubwa haipo. Zilikuwa zimekatwa na kuuzwa kuwa chakavu. Kwenye sakafu ya bahari palibaki alama za mahali zilipokuwa zimelala.

Faida kwa wakazi inaweza kupatikana bila kung'oa hata parafujo moja. Meli iliyozama huota matumbawe na kukusanya samaki, na wageni hulipa ili waitazame tu. Mvuvi ambaye chama chake kimekubaliana na mamlaka kulinda mahali fulani, kuwaongoza wageni na kutoza ada inayoingizwa vitabuni, hupata kidogo kidogo kila mwaka. Kipato hicho hakiwezi kushindana na ndoto ya sanduku la dhahabu, na huo ndio udhaifu wake mbele ya mkutano wenye njaa. Hata hivyo kina risiti.

Yanayobaki ni ya vyama. Chama kikiletewa habari ya chombo kilichozama, cha vita au cha biashara, ziwani au baharini, katibu aandike mahali palipotajwa na jina la aliyeleta habari, kisha apeleke taarifa kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Shirika la Uwakala wa Meli, yaani TASAC, na kwa Idara ya Mambo ya Kale. Chuma chenye umbo la risasi au bomu kisiguswe, na polisi waitwe siku hiyo hiyo. Tena kamati isitoe hata shilingi moja kwa ajili ya msako. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikuiachia kamati fedha za wanachama izicheze kamari. Matumizi hufuata makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na mkopo haukopwi nje ya ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajisi. Mgeni asemaye kwamba siri itavuja iwapo mkutano mkuu utaitishwa amekwisha kujieleza.

Kuhusu chama kile cha kisiwani, wajumbe wameuliza mara nyingi kilifikia wapi. Mkutano mkuu ulikaa kuanzia asubuhi hadi jua lilipotua. Wanakamati watano waliandikiwa deni la pamoja na kukubali kulilipa kwa makato ya samaki wanaouza. Mwenyekiti alijiuzulu kabla hajaombwa. Ile nanga ilisafishwa, na sasa hutumika kufungia mtumbwi wa doria. Kompresa imeingizwa katika daftari la mali kwa bei yake halisi, fungu la "Matengenezo ya Zana" likarekebishwa kwa wino mwekundu, na kijana mmoja wa chama amejifunza kuitumia kujazia upepo magurudumu ya pikipiki pale mwaloni, kwa shilingi zinazoandikwa kila jioni.